Machalii mnaoanza statiki, jiulizeni kwanza nani anambeba nani

Kila mwaka chuo kikishafungua, wiki kama sita hivi, naanza kupokea meseji za madogo, bro hii statiki inasomwaje, bro una desa, una pasti pepa, na huwa najibu mmoja mmoja mpaka nachoka, kwa hiyo leo naandika mara moja. Statiki ni lile somo la kuhesabu nguvu kwenye vitu vilivyotulia, kama nyumba na daraja. Niseme mapema mi sio profesa. Nilisoma ujenzi hapa hapa Arusha, statiki ya mwaka wa kwanza nikala sapu, mwaka uliofuata nikapiga msuli nikatoka na B plasi nikajiona nimeiva, halafu nikaenda fildi, saiti ikanivua nguo mchana kweupe.

Ilikuwa nyumba ya gorofa moja huku Njiro. Balkoni imetokeza mita 1.2 kutoka ukutani, slabu ya milimita 150, mbao za fomu zimeshapigwa, mirunda ya kuishikilia iko chini. Foromani katoka. Fundi nondo, kijana tu kama mimi, akaniuliza, injinia hizi nondo kuu zinakaa juu au chini? Nikajibu bila hata kufikiri, chini kaka, zege haliwezi kuvutwa, na upande unaovutwa ni wa chini. Si ndivyo tulivyochora semista nzima, bimu, yaani boriti, imekaa kwenye suporti mbili, inabonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, nondo chini. Akapanga chini. Zege likamwagwa. Wiki ya nne wanaanza kutoa mstari wa mbele wa mirunda, tukasikia ka! kama kijiti kikavu, kupanda juu tunakuta ufa umepita sambamba na ukuta mwanzo mpaka mwisho, sarafu ya mia inaingia ikiwa imesimama.

Mirunda ikarudishwa mbio. Fundi mkuu wa pale alikuwa mzee mmoja wa Machame, darasa la saba, akanivuta pembeni, na hata hakunigombeza. Akanyoosha kidole kwenye ncha ya balkoni. "Mwanangu, huku mbele nani anaibeba hii?" Nikasema hakuna, mzee. "Sasa kama huku hakuna mtu, yule wa ukutani anaivuta kwa juu au kwa chini?" Nikanyamaza. Balkoni ilivunjwa kwa nyundo na tindo siku tatu, kifusi nikabeba mimi na saidia fundi wawili, hakuna aliyenilazimisha, ni aibu tu.

Hilo swali la mzee kwenye karatasi linaitwa fri bodi dayagramu, na wengi wenu mnaliruka kwa sababu halina hesabu, mnaliona pambo. Maana yake ni kukivua kitu. Chukua bimu yako, iondolee kila kinachoigusa, ukuta, nguzo, kamba, ardhi, na kila ulipotoa kitu weka mshale wa ile kazi kilichokuwa kinafanya. Kinachozuia isishuke tu lakini kinaiacha iteleze ni rola, mshale mmoja. Kinachozuia isiende popote ila kinairuhusu izunguke, kama bawaba ya mlango, ni pini, mishale miwili. Nguzo ya umeme iliyochimbiwa ardhini haiendi wala haizunguki, hiyo ni fiksi, mishale miwili na momenti juu yake, yaani nguvu ya kuzungusha, unayoipata kwa nguvu mara umbali, na hiyo momenti ndo inasahaulika kwenye testi kila mwaka, mimi mwenyewe sapu yangu ilitokea hapo.

Ukishavua, hesabu yenyewe ni mistari mitatu: nguvu za mlalo zikijumlishwa sifuri, za wima sifuri, momenti sifuri. Kwa mchoro wa bapa hamna zaidi ya hapo. Tuseme kuna machalii wawili wamebeba pipa la mbege kwa mti wa mita 3 wanapeleka harusini Kibosho, pipa kilo 60, limening'inizwa mita 1 kutoka kwa yule wa nyuma. Kilo 60 mara 9.81 ya uvutano wa dunia ni kama newtoni 589. Chukua momenti pale begani kwa wa nyuma, maana ukichukulia pale mzigo wake mwenyewe unatoka kwenye hesabu, unabaki na mtu mmoja asiyejulikana: wa mbele mara 3 ni sawa na 589 mara 1, kwa hiyo wa mbele kabeba 196 na wa nyuma 392 na ushee, mara mbili yake. Sasa usifunge daftari. Hamia begani kwa wa mbele uhakiki, 392 mara 3, na 589 mara 2, zote zinazunguka 1177, safi. Huo uhakiki ni sekunde ishirini na ndo uliomtenganisha mwenye A na mwenye sapu darasani kwetu, sio akili. Na kilo sio newtoni jamani, mfuko wa simenti wa kilo 50 ni karibu nusu ya kilonewtoni, kaa na hiyo picha kichwani itakuokoa siku umeandika bimu ya nyumba inabeba kilonewtoni elfu kumi.

Nirudi kwenye balkoni maana ina utamu. Zege lenye nondo tunalihesabu kilonewtoni 25 kwa mita ya ujazo, slabu ya 0.15 inatoa 3.75 kwa kila mita ya mraba, weka plasta na tailizi 1.25 ifike 5, weka watu na viti 3, jumla 8. Hapo sijazidisha zile namba za usalama, mtazikuta mbele. Kata ukanda wa upana mita moja. Ingekuwa imeshikwa kote kuwili, momenti kubwa ni wL² gawanya kwa 8, w ni mzigo kwa kila mita na L ni urefu, yaani 8 mara 1.44 gawanya 8, 1.44 kilonewtonimita. Kantileva, yaani iliyoshikwa upande mmoja tu, ni wL² gawanya kwa 2, unapata 5.76. Mzigo ule ule, urefu ule ule, umeondoa tu mbebaji mmoja, momenti imepanda mara nne, tena imegeuka, mvuto umehamia juu. Halafu mwenye nyumba anakuja anasema jamani niwekeeni kaukuta kadogo pale mbele watoto wasidondoke, tofali za inchi 5 kimo cha sentimita 90, hako kaukuta ni kama kilonewtoni 2.5 kila mita na kamekaa nchani kabisa, 2.5 mara 1.2 ni 3. Yaani zaidi ya nusu ya momenti yote ya mwanzo imeongezwa na kitu ambacho kwenye ramani ni mstari. Mi nikiona balkoni yoyote mjini siku hizi naangalia kwanza nchani kuna nini.

Mnaodhani haya ni makosa ya wanafunzi tu, tafuteni habari za hoteli ya Hyatt Regency kule Kansas City, Marekani, Julai 1981. Ukumbini kulikuwa na njia za kupita watu zimening'inizwa kutoka darini, ya gorofa ya nne na chini yake ya gorofa ya pili. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fito ndefu za chuma toka juu mpaka chini, kila njia imejishika kwenye fito kwa nati yake. Ikabadilishwa iwe rahisi kutengeneza, fito fupi za kushikilia ya nne, halafu fito nyingine zinaanzia kwenye ile ya nne kwenda kushika ya pili. Sasa chukua mikungu miwili ya ndizi kwenye kamba moja toka juu ya paa. Kila mkungu ukifungwa kwenye kamba kivyake, fundo la mkungu wa juu linabeba mkungu wake tu. Ukifunga wa chini kwenye mkonyo wa ule wa juu, fundo la mkungu wa juu linabeba miwili. Kamba ile ile, ndizi zile zile, fundo limepata mara mbili. Ndicho kilichotokea, watu 114 walikufa, na ukichora fri bodi ya lile ungio la gorofa ya nne unaliona kwa dakika tano na penseli.

Baada ya riakshoni, yaani ile mishale ya wabebaji, mnakuja kwenye michoro ya shia, yaani nguvu ya kukata bimu, na momenti, hapo watu wanakariri maumbo, mzigo wa kusambaa unatoa mstari wa mshazari halafu mkunjo, sijui nini. Ni kweli, ila kabla hujachora chochote chora bimu imepindaje, kwa mkono, ovyo tu. Kama huoni, nenda kwa mafundi sofa omba kipande cha sponji, wana vipande vinatupwa, urefu kama wa mkono, chora kwa kalamu mistari ya wima ubavuni kila sentimita mbili. Weka kwenye vitabu viwili ubonyeze katikati: mistari inakaribiana juu, inaachana chini. Haya shika upande mmoja kwa nguvu juu ya meza, mwingine utoke nje ya meza, ubonyeze nchani: inaachana juu, pale pale kwenye ukingo wa meza. Inapoachana ndipo nondo zinapokaa. Mi hiyo sponji ningeiona kabla ya fildi ningeokoa zege la watu. Kingine cha kushika ni kwamba shia inapokatiza sifuri ndipo momenti inapofika kilele, kwa hiyo kama kilele chako kiko sehemu nyingine kuna mahali umejumlisha vibaya, rudi.

Kenchi nazipitia haraka. Idadi ya vipande jumlisha riakshoni lazima ilingane na maungio mara mbili ndo uweze kuitatua kwa zile jumla za sifuri peke yake, pembetatu moja ina vipande 3, riakshoni 3, maungio 3, imekaa. Utaambiwa kuna vipande vyenye nguvu sifuri, na utavipata kweli, ila usiende kwa fundi paa kumwambia atoe ile mbao haifanyi kazi. Upepo ukibadilika inafanya, na hata ukitulia, inakikata kipande kirefu kinachogandamizwa kiwe vifupi viwili kisipinde, maana ukipunguza urefu kwa nusu uwezo wa kukataa kupinda unapanda mara nne, kitu hicho hicho kinachofanya mirunda ifungwe mbao za kukingama katikati. Na papi, zile mbao za kushikia bati, zikae juu ya maungio ya kenchi, kitabu kinasema mzigo uko kwenye ungio, fundi akiiweka papi katikati ya kipande hesabu yako ya kenchi imeshakuwa hadithi nyingine, kile kipande sasa ni bimu.

Programu za kompyuta mtazipenda, na mi nazitumia kila siku, ila nina mashaka na anayeanzia huko. Haikuulizi nani anambeba nani, unaiambia. Ukiiambia pini mahali penye fiksi inachora picha nzuri ya rangi rangi ya nyumba isiyo yako. Nikipewa majibu ya kompyuta nachukua bimu moja tu naipigia wL² gawanya kwa 8 nyuma ya risiti, kama ya kompyuta haiko jirani na hapo naanza kutafuta. Zile bimu zinazopita juu ya nguzo nyingi, ambazo mistari mitatu haitoshi, wazee walikuwa wanazipiga kwa mkono kwa njia aliyoitoa Hardy Cross mwaka 1930, mtaisoma, mtailalamikia, isomeni tu maana ndo inakufundisha momenti inavyotoka bimu moja kwenda nyingine.

Mlioko karibu na saiti yoyote, Sakina, Ngaramtoni, Majengo ya Moshi, popote, ombeni kwenda siku ya kufunga nondo na siku ya kumwaga zege, sio siku moja tu. Mwamkieni foromani vizuri, bebeni maji, msijifanye mainjinia. Siku ya zege angalieni miguu. Ile balkoni ilipofungwa upya nondo zilikaa juu kama inavyotakiwa, zimeinuliwa na vipande vya nondo vilivyokunjwa kama vistuli, mzee wa Machame akapita akapima na futi, milimita 120 kutoka chini ya slabu mpaka katikati ya nondo. Halafu machalii wa ndoo wakaanza kupita juu yake. Vistuli vilikuwa vichache, nondo ikazama polepole kila wakikanyaga, mpaka mzee anapiga kelele tulipima tukakuta 80, theluthi ya uwezo imeshaenda na zege hata nusu halijafika. Akasimamisha kila mtu, akatandika mbao za kupitia juu ya matofali, akaagiza vistuli vingine kumi na viwili, na akanipa mimi kazi moja tu mchana kutwa, kuchuchumaa pale na futi.