Kabla hujasema watu wamebadilika: kwa wanaoanza kuandaa vipindi vya muziki Zanzibar

Kila kijana anayepewa kipindi cha nyimbo za zamani huja na mpango ule ule. Wiki hii miaka ya 1980, wiki ijayo miaka ya 1990, kisha ya 2000, na kila muongo umetafutiwa wimbo mmoja wa kuubeba. Kwenye karatasi unapendeza. Lakini waliokuwepo bado wapo, na hapa Unguja waliokuwepo hawanyamazi. Wimbo haujafika ubeti wa pili, simu ya studio inalia: bibi wa Kikwajuni anataka kukwambia kuwa mwaka huo wimbo huo ulikuwa haujulikani, na kwamba hao unaosema waliupenda ndio waliokuwa wakiufungia madirisha.

Msikilize. Nusu ya kazi hii imo kwenye simu kama hizo.

Ushauri wangu kwa mnaoingia ni kwamba msianze na wimbo. Anzeni na mahali uliposikika, chombo kilichousikilizisha na mfuko uliolipa. Mwimbaji aje mwisho. Ladha ya watu hugeuka ndani ya miaka kumi, tena hugeuka khasa, ila mara nyingi kilichotangulia kugeuka ni kiti, spika au pesa, sauti ikafuata nyuma.

Chukua miaka ya 1990, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi na waandaaji vijana. Hadithi mtakayopewa ni kwamba palikuwa na taarabu ya heshima, wakaja watu wa rusha roho, taarabu ya kisasa ya kucheza, wakaiua. Wazee wengine wataapa hivyo. Sasa tazama palivyokuwa. Taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, au ya Culture Musical Club, ni taarabu ya kukaa. Jukwaani wamo watu 20 na zaidi, na fidla, udi, ganuni, kodiani na dumbaki. Inafunguliwa kwa bashrafu, muziki mtupu usio na maneno. Msikilizaji ameketi, na anayeguswa na ubeti huinuka kwa madaha, akamtunza mwimbaji kwa pesa, akarudi kitini kwake. Kikundi kama hicho hukiweki kwenye ua wa nyumba ya Mwembeladu, na gari moja haikitoshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi kama East African Melody yakaja na kinanda cha umeme, gita la besi, gita la solo na waimbaji wao. Kinanda kikashika kazi ya fidla zote, na mapigo ya ngoma yalikuwa mumo humo ndani. Kundi likawa dogo, likawa linaalikika, likaingia uani ambako hakuna viti vya kutosha. Penye uhaba wa viti watu husimama, na waliosimama hawachelewi kucheza. Ukitaka kumwelewesha msikilizaji wako tofauti ya taarabu mbili hizi, usimpigie tu sehemu za maneno makali. Mpigie kwanza bashrafu, kisha mpigie kinanda kinavyoingia na besi yake tangu sekunde ya kwanza. Atajua mwenyewe nani ameketi na nani amesimama.

Hicho kinanda kilifikaje? Biashara ilikuwa imefunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, na Darajani ikajaa mali ya Dubai, redio kaseti zikiwemo. Aliyekuwa na redio ya kanda mbili aliweza kurudufu kanda nyumbani kwake, akampa wifi, wifi akampa shoga yake. Sasa wimbo haukuhitaji kungoja redio ya serikali iukubali ndipo usikike Makunduchi. Kwa hiyo ukitegemea maktaba ya kituo peke yake kujua watu walisikiliza nini miaka hiyo, utajua kilichoruhusiwa. Kilichopendwa kilikuwa kwenye mkoba wa mama.

Na mfuko je? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, vijiji vya pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na waliokishika wengi wao ni wanawake. Wengi walipata pesa ambayo haikupitia mkononi mwa mume. Sidai kwamba mwani ulitunga mipasho. Lakini anayetunza ndiye anayemwelekeza mtunzi, na noti zilipokuwa mkononi mwa wanawake, nyimbo zikahama kwenye waridi na mbalamwezi zikamgeukia mke mwenza, wifi na jirani mwenye kijicho. Wanaume walilalamika kuwa lugha imeshuka. Mimi nasema mazungumzo ya uani yalipewa spika, basi.

Juu ya hayo ikaongezeka siasa. Vyama vingi vikarudi mwaka 1992, uchaguzi ukafanyika 1995, na Dar es Salaam vikundi viwili, TOT iliyokuwa ya chama tawala na Muungano, vikawa vinarushiana vijembe mbele ya umati. Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club hapa kwetu, alikwenda kuimbia TOT. Huku kwetu kwenye maskani, vijiwe vya wafuasi wa vyama, kila kijembe kikapimwa kwa jicho la chama hata kama mtunzi alikuwa anamsema shemeji yake.

Hakuna aliyeuawa katika hayo yote. Miaka ile ile Culture walikuwa wakifanya mazoezi Vuga, na mwanamke aliyecheza rusha roho Ijumaa aliweza Jumamosi kuvaa vizuri akaenda kukaa kitini. Kipindi chako kikiwa na sauti moja tu kwa muongo mzima, kimedanganya hata kama kila wimbo ni wa mwaka sahihi. Weka mbili zinazogombana.

Mtego wa pili ni kuunganisha siasa na wimbo haraka haraka. Huu nimeusikia ukirudiwa hewani: Novemba 2009 viongozi wakubwa wa pande mbili za siasa, CCM na CUF, wakakaa pamoja, Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni, ikaja serikali ya umoja wa kitaifa, watu wakafurahi, ndipo mduara, muziki wa kucheza kwa kuzunguka, ukashika. Hadithi inapendeza mno. Mduara, ule wa AT na Offside Trick uliotoka kwetu ukachezwa Tanzania nzima, ulikuwa umeshaanza kuchezwa kabla ya viongozi hao kushikana mikono. Halafu anayesema hivyo kasahau kitu ambacho hakuna mtu wa Unguja wa umri huo anayekisahau. Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi 3 kisiwa kizima kikaenda kwa jenereta, na maji nayo yakawa ya shida kwa sababu pampu ni za umeme.

Unapotaka kusema hali ya moyo wa watu ilikuwaje wakati ule, anza hapo. Harusi zilifanywa mchana zaidi, au kwa jenereta iliyokuwa ikinguruma pembeni ya spika, na wimbo wenye mapigo mazito ndio uliosikika juu ya mngurumo. Sauti laini ilimezwa. Simu za Kichina zenye spika kubwa na memori kadi zikazunguka na nyimbo, zikichajiwa dukani kwa malipo. Mduara ni muziki unaostahimili mazingira hayo. Maridhiano yana sehemu yake, sikatai, lakini yaweke baada ya jenereta. Na kama huna uhakika kipi kilisababisha kipi, sema tu kwamba vilikuwapo pamoja, umwachie msikilizaji akupigie simu.

Wala usidhani haya yamezaliwa na umeme. Siti binti Saad, mtu wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi, na baada ya hapo santuri za taarabu ya Kiswahili zikazagaa pwani nzima. Kabla yake wakubwa walizoea kuisikiliza kwa Kiarabu, kasri na majumbani mwao. Santuri haikumuuliza mnunuzi anatoka mtaa gani.

Tofautisheni pia mwaka wa wimbo na mwaka wa kupendwa. Kwenye rekodi zenu wekeni safu mbili. Bi Kidude alikuwa akiimba na kucheza unyago tangu kabla ya Mapinduzi, lakini tuzo ya WOMEX, maonesho ya kimataifa ya muziki, aliipata mwaka 2005, na vijana wengi wa hapa walimjua pale wageni walipokuwa wameshampigia makofi kwenye Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 Ngome Kongwe. Alipofariki Aprili 2013 alililiwa na watu ambao mama zao hawakuwahi kumwalika. Ukimweka kwenye muongo wa ujana wake unakosea, ukimweka kwenye miaka ya 2000 peke yake unakosea pia. Mpe kipindi kizima.

Vijana huniuliza kama mabadiliko huenda mbele tu, kutoka kuona haya kwenda kutoona haya. Hapana. Mwaka 2016 Mzee Yusuf wa kundi la taarabu la Jahazi alitangaza kuacha muziki kwa ajili ya dini. Baada ya miaka michache akarudi jukwaani. Aprili 2020 Zuchu, binti wa Khadija Kopa yule yule, alitambulishwa na lebo ya muziki ya Wasafi, akaimba bongo fleva yenye harufu ya taarabu ya mama yake. Machi 2024 baraza la sanaa la Zanzibar, BASFU, likamfungia miezi 6 kwa sababu ya onesho la Kendwa lililosemwa kwenda kinyume na mila zetu. Soma malalamiko ya wazee wa miaka ya 1990 juu ya mipasho, kisha soma ya 2024. Maneno karibu ni yale yale. Tofauti ni kwamba jambo la zamani liliishia uani, na la sasa lilikuwa kwenye simu ya kila mtu kabla jua halijachomoza. Mimi nadhani hilo ndilo lililofanya lipewe adhabu, na wewe unaweza kunibishia.

Mambo madogo ya kazi. Kalenda yetu ya muziki haifuati Januari. Shaaban harusi hujaa, Ramadhani spika hupumzika na redio huwa na kaswida, kisha sikukuu ya Mfunguo Mosi watoto wanajaa Mnazi Mmoja na bendi zinajaza kumbi. Wimbo wa bara uliotoka katikati ya Ramadhani huku haukutoka bado. Na kwa kuwa miezi yetu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu, "msimu" wa muongo mmoja si msimu wa muongo mwengine. Niliwahi kusoma makala iliyosema wimbo fulani ulikataliwa Zanzibar. Haukukataliwa; watu walikuwa wamefunga.

Pemba msiichanganye na Unguja. Waya wa umeme kutoka bara ulifika Unguja mwaka 1980 na Pemba mwaka 2010. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta ya mafuta. Harusi za Wete na Mkoani huangalia karafuu: msimu mkubwa ukiwa mzuri, kundi linavushwa kutoka Unguja, ukiwa mbaya, kidumbaki, taarabu ya kikundi kidogo na ngoma zake, kinatosha, na kidumbaki kizuri mimi nakipenda kuliko kinanda kibovu. Kijana wa Chake anayekumbuka miaka ya 1990 anakumbuka muongo mwengine kabisa. Mwombe asimulie kwa lahaja yake, usimsahihishe hewani.

Idadi ya watazamaji kwenye simu isikubabaishe. Inakuonesha waliobonyeza, na wengi wao wako Dar, Nairobi au Muscat. Amapiano, muziki wa Afrika Kusini, utaikuta imeshika Nungwi na Kendwa, ufukweni kwa watalii, na ukiandika kuwa ndiyo sauti ya Zanzibar ya miaka ya 2020, bibi wa Kikwajuni atapiga simu tena, na safari hii nitampa namba yako ya mkononi. Kwenye harusi za wanawake niliyoyasikia ni mchanganyiko: taarabu ya kisasa, singeli ya Dar, wimbo wa mduara uliotakiwa utupwe zamani, na amapiano kidogo wakija wadogo.

Huo mchanganyiko hakuna anayeuandika. Anzeni na harusi ya mtaani kwenu, baada ya nikahi, au mtume dada yako kama huruhusiwi kuingia. Aandike nyimbo zilivyopangana, wimbo gani uliwainua shangazi, wimbo gani uliwatoa nje, na ulipigwa kwa spika ya nani. Atie tarehe ya Kiislamu na ya kizungu. Mpiga muziki atatoa orodha yake ukimwomba mapema, kabla hajaanza kukunja nyaya.