Hela ya mradi ikisimamishwa ghafla, karatasi zako ziko wapi?

Naandika hii niko Masasi, umeme umerudi sasa hivi. Wiki hii ndugu watatu wenye mashirika madogo huku kwetu, wawili wa Newala na mmoja wa Nachingwea, wameniuliza kitu kilekile, kwamba masharti ya ruzuku yanabadilika kila kukicha, mfadhili leo anataka hivi kesho vile, Msajili wa NGO naye ana ya kwake, sasa sie wenye wafanyakazi wanne na pikipiki moja tunafanyaje? Nikaona badala ya kumrekodia kila mtu voisi ya dakika nane niandike mara moja tu.

Nianze na yaliyotukuta sie. Tulikuwa wa chini kabisa, hela inatoka serikali ya Marekani inaingia kwa shirika kubwa, linalipa shirika la Dar, Dar ndo inatushushia sie tunaozunguka vijijini kufuatilia watoto na walezi wao wanaoishi na VVU. Na tulikuwa tunalipwa kwa kurejeshewa, yaani unatumia kwanza halafu unapeleka madai na viambatisho ndo unarudishiwa. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akaapishwa, siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, Ijumaa tarehe 24 zikaanza kutoka barua za kusimamisha kazi. Sie ilitufikia Jumatatu asubuhi, ujumbe wa mistari minne, simamisheni kila kitu, msitumie hata shilingi, subirini maelekezo. Wahudumu wetu saa hiyo wameshapanda boda wako njiani.

Kusimamishwa kulisimamisha wengi, hilo sio kosa la mtu wa Masasi. Kilichoniuma mimi ni kwamba madai ya Novemba na Desemba tulikuwa hatujayapeleka! Risiti zilikuwa kwenye boksi la biskuti chini ya meza ya mhasibu, tunajiambia tutazipanga korosho zikiisha watu watulie. Basi tukaanza kuzipanga usiku. Sasa mnaozijua zile risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, mnajua karatasi yake ilivyo, inachapwa kwa joto na joto la huku linaifuta. Nikaokota moja ya mafuta ya pikipiki, nikaisogeza kwenye taa, nyeupe pe, kinachoonekana kwa mbali ni zile nyotanyota za juu. Hela ya kwenye zile karatasi nyeupe hatujalipwa mpaka leo na sitegemei, USAID yenyewe, lile shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilishaacha kazi tarehe 1 Julai 2025, vilivyobaki vikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao. Wenzetu fulani wa hapahapa kusini waliokuwa wanapeleka madai kila mwisho wa mwezi walisubiri sana, ila walilipwa.

Nilipokwenda kijijini kuwaambia watu kwamba mradi umesimama, bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, sie korosho tukizifikisha ghalani hatuondoki bila stakabadhi. Nyie mlipeleka kazi mkarudi mikono mitupu?" Nikacheka lakini sikuwa na jibu. Stakabadhi ghalani tunayo huku tangu 2007, mkulima asiyejua kusoma anaitunza ile karatasi kuliko shati lake, na mimi mwenye diploma nimeweka hela kwenye boksi la biskuti.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichobadilisha ni hicho. Risiti ikifika ofisini inapigwa picha siku hiyohiyo, inatolewa fotokopi, na ile namba ya uhakiki ya EFD inaandikwa kwa peni kwenye vocha, maana hata karatasi ikifutika namba unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, ikaonekana. Masurufu, yaani hela mtu anayopewa mapema kwa ajili ya kazi, yanarejeshwa ndani ya wiki, asiyerejesha hapewi mengine, hata mkurugenzi. Boda hana EFD na hatakuwa nayo kesho, kwa hiyo tuna fomu, jina, simu, katoka wapi kaenda wapi, sahihi, halafu tunamlipa kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Lakini msianze tu kutumia fomu kama hiyo, mwandikieni mfadhili kabla mkataba haujaanza mumuulize anaikubali au haikubali, na jibu lake mlitunze.

La pili, na hili naona wengi wanaliruka, usisome mkataba wako tu, omba masharti ya mkataba wa huyo anayekupa hela. Mabadiliko yanaanzia juu yanakushukia wewe miezi mitatu baadaye bila maelezo. Mfano tarehe 7 Agosti 2025 ilitoka amri nyingine Marekani ya usimamizi wa ruzuku, inataka maofisa walioteuliwa kisiasa wapitie ruzuku kabla hazijatolewa, inataka mikataba iwe na kifungu cha serikali kuvunja pale inapoona mradi hauendani tena na vipaumbele vyake hata kama hujakosea kitu, na anayeomba hela aeleze kwa maandishi kila anapoiomba. Ukiona shirika la juu yako limeanza kukuomba maelezo ya kila shilingi usidhani wamekuchukia, wamebanwa na wao.

Sasa angalieni hapa panapouma. Kule mkataba unaweza kusimama siku hiyohiyo, lakini sheria yetu ya ajira inasema mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28. Hizo siku 28 analipa nani? Sie tulilipa kwa kukopa kwa mjumbe wa bodi, aibu tupu. Siku hizi kabla ya kusaini nauliza ukisimamisha ghafla utalipa notisi na kodi ya pango kwa siku ngapi, na nataka iandikwe. Mmoja aligoma kuandika, tukampunguzia idadi ya wafanyakazi kwenye andiko la mradi, basi.

Na ombeni gharama za uendeshaji jamani. Tangu 1 Oktoba 2024 kanuni za ruzuku za Marekani zinaruhusu shirika lisilo na kiwango chake kilichokubaliwa kudai hadi asilimia 15, zamani ilikuwa 10. Wapo wanaokaa kimya kwa kuogopa kuonekana wana tamaa, halafu umeme wa ofisi wanalipa mfukoni.

Taimshiti, ile karatasi ya kujaza saa za kazi. Odita alitukuta na taimshiti yenye tarehe 31 Juni, saa nane za kazi, imesainiwa na msimamizi! Alicheka kwanza halafu akaandika. Jazeni kila Ijumaa, msijaze mwezi mzima siku ya mshahara.

Upande wa nyumbani sina mengi. Kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba wa hela inayozidi milioni 20 upelekwe kwa Msajili ndani ya siku kumi tangu kusaini, ripoti ya mwaka na ada mnajua. Nenda kamuone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mapema ukiwa huna shida, akujue.

Halafu tarehe za mwisho. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ilikatika huko Somanga, wiki inayofuata nyaya za baharini zikakatika intaneti ikawa hamna, na sie ripoti tulipanga kutuma siku ya mwisho. Sasa natuma siku tano kabla, nikikwama naandika barua siku hiyohiyo.

Kuna mtu ameniuliza kuhusu pikipiki ya mradi. Yetu msimu uliopita shemeji yangu aliitaka abebee korosho, nikamkatalia na tukanuniana wiki mbili, maana iko kwenye orodha ya mali na kila kitu kwenye ile orodha kinasubiri maelekezo ya aliyekinunua. Nimewaandikia mara tatu. Ipo stoo, matairi yameisha upepo, na shemeji akija bado anaichungulia dirishani.