Mimi nasema Clare

Mmeuliza wiki hii jimbo gani la uchaguzi lililokwishafutwa halifai kusahaulika. Mimi nasema Clare, kule magharibi mwa Ireland, enzi hizo Ireland inapeleka wabunge London. Jimbo lilikatwa vipande viwili mwaka 1885, na hiyo Clare Mashariki ndo ilimpa Éamon de Valera, aliyekuja kuongoza Ireland, ushindi 1917, kura 5,010 kwa 2,035, lakini mimi nataka tuongelee 1828.

Iko hivi. Mkatoliki alikuwa na ruhusa ya kupiga kura tangu 1793, ila kukaa bungeni hapana, maana kwanza unaapishwa kwamba Misa ni ibada ya sanamu, sasa Mkatoliki gani ataapa hivyo? Mbunge wa Clare, Vesey-FitzGerald, akapewa uwaziri wa biashara, na enzi hizo ukipewa uwaziri lazima urudi kwa wapiga kura, basi wakili mmoja Mkatoliki, Daniel O'Connell, akajitosa.

Wapiga kura wengi walikuwa wakulima wadogo kwenye ardhi ya mabwana, kigezo shamba likupe thamani ya shilingi 40 kwa mwaka. Na kura haikuwa ya siri jamani, siri ilikuja 1872! Unasimama pale Ennis mbele ya karani unamtaja unayemtaka kwa mdomo wako, na bwana mwenye ardhi au msimamizi wake yupo palepale anasikia, kesho anaweza kukutoa shambani wewe na watoto. Hebu jiweke hapo. Walikwenda mjini na mapadri wao, siku zote hizo wiski hawagusi ili kusitokee fujo, wakamtaja O'Connell 2,057, mwenzake 982.

Serikali ikaingiwa hofu, Aprili 1829 Mkatoliki akaruhusiwa bungeni. Sasa hapa ndo panaponiuma. Siku ileile ikasainiwa sheria nyingine, kigezo cha kura kikatoka shilingi 40 kwenda pauni 10, yaani mara tano (pauni moja ilikuwa shilingi 20), wale wakulima wakaachwa nje. O'Connell ana sanamu juu ya nguzo ndefu katikati ya Ennis na anastahili kabisa, ila mimi nawawaza wao. Kwa kuwa O'Connell alichaguliwa kabla ya sheria mpya, Bunge lilikataa kumkalisha bila kile kiapo cha zamani, Julai akarudi Clare kuchaguliwa upya, akapita bila kupingwa, na hata angekuwepo mpinzani, wengi wa waliomtaja kwa sauti mwaka uliopita wasingeruhusiwa kufungua mdomo.