Unapohakiki Sehemu Moja ya Tamthilia ya Bunilizi ya Kisayansi, Anza na Kanuni Yake

Uhakiki wa kwanza nilioandika kuhusu tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ulikuwa muhtasari mtupu. Nilisimulia kisa chote tangu mwanzo hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupita, na rafiki aliyeusoma akaniuliza swali ambalo sikuwa nimeligusa hata kidogo: je, sehemu hiyo ni nzuri au mbaya, na kwa nini? Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyotazama, na yeyote anayetaka kuandika uhakiki wa aina hii ninamshauri aanze kwa kuitafuta kanuni ya sehemu anayoihakiki.

Kanuni ni lile jambo moja lisilokuwapo katika ulimwengu wetu ambalo mwandishi anatuomba tulikubali ili kisa chake kiweze kwenda. Tukishalikubali, naye amefungwa nalo, na hana ruhusa ya kuligeuza dakika za mwisho ili amwokoe mhusika wake.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni “Blink”, sehemu ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Daktari, iliyorushwa na BBC mwezi Juni mwaka 2007, ikiwa imeandikwa na Steven Moffat na kuongozwa na Hettie MacDonald. Ambaye hajaitazama aitazame kwanza, kwa sababu nitaufichua mwisho wake. Humo mna viumbe wenye sura ya sanamu za malaika, ambao huwa mawe kila wanapotazamwa na husogea pale tu jicho linapofumba au kugeukia kwingine. Wakimgusa mtu, humrusha miaka ya nyuma, akaishi na kuzeeka huko. Nilipoitazama mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, niligundua kwamba sanamu hizo hazisogei hata mara moja mbele ya kamera, hata pale ambapo hakuna mhusika anayezitazama, kana kwamba jicho langu mimi mtazamaji nalo limehesabiwa. Mwishoni zinalizunguka sanduku la buluu linalosafiri katika wakati, nalo linapotoweka zinabaki zikitazamana, zimenaswa na kanuni ileile iliyozipa nguvu. Hilo nililiona kwa sababu nilikuwa nikilitafuta. Mara ya kwanza taharuki ilikuwa imenizidi.

Mbinu za picha na sauti zinastahili aya fupi tu, isipokuwa zinapoibeba kanuni yenyewe. Mazingira ya utayarishaji nayo yafaa kujulikana kabla ya kulaumu: katika sehemu hii David Tennant, aliyemwigiza Daktari mwenyewe, anaonekana kwa muda mfupi sana kwa kuwa ratiba ya upigaji picha ilimhitaji kwingine, na swali la haki ni mwandishi aliutumiaje upungufu huo. Kisa alimkabidhi Sally Sparrow, aliyeigizwa na Carey Mulligan, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kabisa.

Kisha huja swali ninalolithamini kuliko yote: kanuni hiyo inamfanya nini binadamu? Katika “Blink”, askari polisi kijana aitwaye Billy Shipton anachukua namba ya simu ya Sally, na baada ya muda mfupi malaika wanamrusha hadi mwaka 1969. Siku hiyohiyo Sally anaitwa hospitalini na kumkuta kitandani akiwa mzee anayekaribia kufa, ilhali mvua iliyokuwa ikinyesha walipokutana bado inapiga dirishani. Kwa Sally ni mvua ileile moja. Kwa Billy umepita umri mzima, pamoja na mke aliyemwoa. Hakuna maelezo marefu ya kisayansi wala king’ora, ni mkono wa kijana umeshika mkono wa mzee.

Uhakiki wangu wa sehemu hiyo niliuanzia hapo, kando ya kitanda kile, na muhtasari wa kisa nikaumaliza kwa sentensi mbili.