Alifufuka au Alifufuliwa?

SWALI: Mimi ni katekista katika kigango kimoja mkoani Ruvuma. Nilipokuwa nikiwafundisha watoto wa Kipaimara hotuba ya Petro siku ya Pentekoste, mmoja wao aliniuliza: "Mwalimu, Petro anasema Mungu alimfufua Yesu, nasi katika Kanuni ya Imani tunasema akafufuka. Alifufuka mwenyewe au alifufuliwa?" Mwenzake akadakia kwamba basi tuseme "alifufuka na Mungu". Sikuwa na jibu. Naomba pia unieleze lipi ni sahihi kati ya kusulubu, kusulubisha na kusulibisha.

JIBU: Mwalimu, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni jepesi zaidi. Kitenzi hiki kina asili ya Kiarabu na kimetoka katika mzizi uleule uliotupa msalaba, neno ambalo Kiswahili kimelitia katika ngeli ya M-/MI-, tukapata misalaba sawasawa na miti. Biblia ya Union ya mwaka 1952 huandika sulibisha na sulibiwa, lakini matumizi ya leo yameelekea kwenye sulubu, sulubisha na sulubiwa. Kwa hiyo ukiandika leo, andika kwa u. Ukisoma kwa sauti kutoka katika Biblia ya zamani, soma kama ilivyoandikwa, wala usimsahihishe mzee aliyezoea hivyo.

Kuhusu -isha, ni kweli kwamba kiambishi hiki kwa kawaida humleta mtendaji wa pili, kama tunaposema mwalimu amewaimbisha watoto, yaani wao ndio walioimba. Katika sulubisha hakifanyi kazi hiyo. Askari walioshika nyundo nao huambiwa "wakamsulibisha" katika Marko 15:25, na hakuna anayeelewa kwamba waliwaagiza wengine. Sulubu na sulubisha, basi, zina maana moja, na tofauti yao ni ya mazoea tu.

Wako waliojaribu njia nyingine. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani ambaye tafsiri yake ya Biblia nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, na hapa akachagua wamba: umati ulio mbele ya Pilato unapiga kelele "Na awambwe msalabani!" Aliyewahi kumtazama fundi akiwamba ngoma, ngozi mbichi ikivutwa pande zote mpaka inakaza, kisha ikapigiliwa kwenye ukingo wa mzinga, ataona kwamba neno hilo lilichaguliwa na mtu aliyeufikiria mwili uliotandazwa na kukazwa kwenye mbao. Mimi hulipenda, ingawa halikushinda. Hata yeye, hata hivyo, hakuweza kuukwepa msalaba wenyewe.

Sasa nije kwenye swali la mtoto wako, ambalo ni zuri kuliko anavyojua. Kitenzi cha msingi hapa ni fufua. Katika fufua mtendaji lazima aonekane, na anayetendewa pia: Mungu alimfufua Yesu. Tukikigeuza kitenzi hicho kuwa kauli ya kutendwa, tunapata fufuliwa, na hapo mtendaji anaweza kutajwa kwa na, "alifufuliwa na Mungu", au akaachwa bila kutajwa huku nafasi yake ikiendelea kuhisika. Tukikipeleka katika kauli ya kutendeka, tunapata fufuka, ambayo humtazama yule aliyekuwa amekufa na sasa yu hai, bila kumtafuta mtendaji. Ni uhusiano uleule ulio kati ya "mlango umefunguliwa" na "mlango umefunguka". Ukisikia la kwanza unaweza kuuliza ni nani aliyeufungua. Ukisikia la pili unatazama mlango ulio wazi.

Kwa sababu hiyo, yule mtoto wa pili ndiye anayehitaji kusahihishwa. "Alifufuka na Mungu" haiwezi kumaanisha kwamba Mungu ndiye aliyemfufua, kwa kuwa kauli ya kutendeka haimpokei mtendaji kwa na. Neno na likitokea hapo hugeuka kuwa la uandamani, na sentensi inakuwa na maana kwamba Mungu naye alikuwa amekufa, wakafufuka pamoja. Hakukusudia kusema hivyo hata kidogo, lakini sarufi imesema kwa niaba yake.

Ukirudi kwenye mahubiri ya mitume wenyewe, utaona kwamba uchaguzi wa kauli unafuata hoja ya mhubiri. Petro anapohutubia Yerusalemu, mji uleule ambamo mambo hayo yametokea muda mfupi uliopita, anawapanga watenda wawili wakabiliane: "ninyi mkamsulibisha kwa mikono ya watu wabaya, mkamwua", kisha papo hapo, "ambaye Mungu alimfufua" (Matendo 2:23-24). Mbele ya wakuu na wazee anarudia mpangilio huohuo: "ambaye ninyi mlimsulibisha, na Mungu akamfufua katika wafu" (4:10). Paulo naye, katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia, anaeleza jinsi alivyowekwa kaburini, kisha anaigeuza habari yote kwa neno moja dogo: "Lakini Mungu akamfufua katika wafu" (13:30). Hoja ya mahubiri hayo ni kwamba hukumu ya wanadamu imetenguliwa na Mungu, na hoja hiyo haiwezi kusimama pasipo mtendaji. Weka "akafufuka" katika kinywa cha Petro siku ile, na nusu ya nguvu ya hotuba yake imepotea.

Hata neno mti, ambalo Petro hulitumia mahali pa msalaba katika 5:30 na 10:39, limechaguliwa kwa ajili ya masikio ya watu walioijua Torati, ambao walikumbuka mara moja kwamba Kumbukumbu la Torati 21:23 humhesabu aliyetundikwa mtini kuwa amelaaniwa. Kwao ilikuwa jambo zito kusikia kwamba Mungu amemfufua mtu wa namna hiyo.

Je, Kanuni ya Imani imekosea kusema "akafufuka"? Hapana. Kigiriki cha Agano Jipya kina vitenzi viwili vikuu kwa jambo hili, kimoja chenye maana ya kuamsha na kingine chenye maana ya kusimama au kusimamisha, na Paulo katika 1 Wathesalonike 4:14, mojawapo ya barua zake za mwanzo kabisa, anatumia hicho cha pili bila kumtaja mtendaji: "Yesu alikufa akafufuka". Tena katika Yohana 10:18 Yesu anasema juu ya uhai wake kwamba anao uweza wa kuutoa na uweza wa kuutwaa tena. Kauli ya kutendeka haikatai kwamba Mungu alimfufua, wala haidai kwamba Yesu alijifufua. Kwa dai hilo tungehitaji ji- na tungesema "alijifufua". Mwambie mtoto wako kwamba yote mawili ni ya kweli, ila Petro alikuwa anamtaja aliyefanya, na Kanuni inamtaja aliye hai.

Kuna mahali pamoja ambapo ningependa tafsiri yetu ingekuwa makini zaidi, napo ni 1 Wakorintho 15:3-4, ambapo Paulo anasema anawakabidhi wengine yale aliyoyapokea mwenyewe. Union inasoma kwamba Kristo "alikufa", kwamba "alizikwa", na kwamba "alifufuka siku ya tatu". Vitenzi vyote vitatu vimevaa -li-. Katika Kigiriki viwili vya kwanza viko katika wakati wa tendo lililokwisha, lakini cha tatu kimebadilika: kiko katika kauli ya kutendwa, na katika hali ya tendo lililotimia ambalo matokeo yake yangali yapo. Kiswahili kina kiambishi cha kazi hiyohiyo, nacho ni -me-. Mtu akisema "alikufa, alizikwa, amefufuliwa", Mswahili yeyote anasikia kwamba mambo mawili yamepita na la tatu linaendelea. Kinachotuzuia ni yale maneno "siku ya tatu", kwa maana -me- haikai vizuri pamoja na siku iliyotajwa ya zamani, nami naelewa kwa nini watafsiri walirudi kwenye -li-. Lakini Marko 16:6, pasipo siku iliyotajwa, inasema "amefufuka, hayupo hapa", na waamini wanaposalimiana asubuhi ya Pasaka husema "Kristo amefufuka", wala hakuna anayesema "Kristo alifufuka".

Mwalimu, unapowafundisha tena, waandikie ubaoni pia zika na zikua, kisha fukia na fukua, ili waone jinsi mwisho wa -ua unavyoweza kutengua tendo. Kuzikua ni kutengua maziko: kaburi linafunguliwa na maiti hutolewa akiwa bado maiti. Mitume walisema alizikwa, na hawakusema kamwe kwamba alizikuliwa.