Nyambizi ya Kijerumani iliyoishia pwani ya Somalia

Ndugu uliyeuliza kama nyambizi za Hitler ziliwahi kufika upande huu wa Afrika: zilifika, na moja iliishia pwani ya Somalia. Itafute U-852.

Iliondoka Kiel Januari 1944 chini ya Heinz-Wilhelm Eck, ikielekea Bahari ya Hindi. Usiku wa Machi 13, ikiwa bado Atlantiki, ikaizamisha meli ya Wagiriki, Peleus. Hapo ndipo pabaya. Eck aliogopa ndege zikiona mabaki yanaelea zitajua nyambizi ipo jirani, basi akaamuru yafyatuliwe risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, huku mabaharia walionusurika wakiwa wameng'ang'ania humo humo. Kati ya watu 35, watatu tu ndio waliokuja kuokolewa, na meli ya Kireno.

Ikazunguka Cape Town, ikazamisha Dahomian Aprili 1. Mwezi Mei ndege za Waingereza kutoka Aden zikaikuta, zikaipiga mpaka ikashindwa kupiga mbizi, na Eck akaipandisha ufukweni Somalia. Jaribio la kuilipua halikumaliza kazi: kitabu cha safari kilikutwa ndani, kikionyesha ilikuwa wapi siku ile Peleus ilipozama.

Kesi ya mauaji ya mabaharia hao ilisikilizwa Hamburg, Oktoba 1945. Eck, daktari wa nyambizi na ofisa mwingine mmoja walipigwa risasi Novemba 30. Daktari, jamani!