Tribini ya pisini: maswali yenu kuhusu mahali pa kuketi

Maswali yenu juu ya pisini, mabwawa ya kuogelea, za mitaa hapa Lubumbashi yamefika mengi, na karibu yote hayahusu maji. Yanahusu tribini, yaani mahali pa watazamaji kuketi. Haya, tuketi.

Shule yetu inajenga pisini ya wazi ya mita 25 na tunataka nafasi za watazamaji 200. Tufunge viti vya plastiki au tujenge ngazi za betoni? (Kamati ya wazazi, Kampemba)

Betoni. Fanyeni hesabu pamoja nami. Upande mrefu una mita 25. Toeni njia mbili za kupandia, mita 1.2 kila moja, mnabaki na mita 22.6. Mtu mmoja kwenye benchi anahitaji sentimita 45, kwa hiyo safu moja inabeba watu 50, na safu nne zinatimiza 200 wenu. Kila ngazi iwe na kimo cha sentimita 40 na kina cha 80: nusu ya kukalia, nusu ya miguu ya aliye nyuma. Kwenye njia za kupandia kigaweni kimo hicho mara mbili, maana mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kupanda hatua ya sentimita 40 bila kushika bega la mtu.

Viti vya plastiki vinapendeza kwenye picha za uzinduzi. Baadaye jua linavila: vinapauka, vinaacha unga mweupe mkononi, kisha vinapasuka penye bolti. Kama kamati imeshaving'ang'ania, muulizeni muuzaji kama plastiki yake imetiwa kinga ya jua, na chagueni rangi nyepesi. Kiti cheusi hapa mwezi wa Oktoba hakikaliki.

Fedha itakayobaki mimi ningeitia kwenye mambo mawili. La kwanza ni kuinua safu ya mbele. Macho ya mtu aliyeketi yako kama mita 1.2 juu ya sakafu yake, na mpima muda anayesimama ukingoni na saa yake ana urefu wa mita 1.7 hivi. Tribini ikianza sawa na ukingo, wa safu ya kwanza watatazama migongo. Inueni sakafu yao kwa mita moja, mweke kizuizi cha nondo nyembamba za kusimama, zisizoachana zaidi ya sentimita 10. Za kulala watoto huzigeuza ngazi.

La pili ni maji ya kuosha. Udongo wetu mwekundu unapanda tribini na viatu vya watu, na siku ya kuosha unateremka. Pasipo mfereji kwenye mguu wa tribini, wenye njia yake ya kutokea nje, tope hilo linaishia ndani ya pisini. Kwa sababu hiyo hiyo, mlango wa watazamaji uwe nyuma, upande wa nje. Ukingo ni wa waogeleaji walio pekupeku.

Nimepewa kazi ya kutengeneza mabenchi ya tiyo (bomba za chuma) za mraba kwa pisini moja. Nikipaka rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi mbili, si inatosha? (Fundi wa kuchomelea, Katuba)

Haitoshi, fundi. Kutu ya mabenchi haya mara nyingi inaanzia ndani. Maji yanapenya kwenye mshono usiofungwa vizuri au kwenye tundu la bolti, yanalala ndani ya tiyo, na chuma kinaoza huku rangi ya nje ingali inang'aa. Siku moja mguu unakunjika na watu juu yake. Toboa tundu dogo chini kabisa ya kila tiyo ili maji yatoke.

Kinga nzuri ni kuchovya benchi zima katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto, ila mpangilio wa kazi ndio unaowashinda wengi: chomelea kwanza, toboa, ndipo lichovywe. Ukichomelea baada ya zinki, moto unaiunguza pale pale kwenye kiungo, mahali palipoihitaji zaidi. Pa kuchovyea pasipopatikana, tumia tiyo zenye zinki tayari, ziunge kwa bolti, na paka rangi ya zinki kila ulipokata.

Atatokea mtu wa kukwambia, "Weka inoksi, umalize maneno." Inoksi, chuma kinachosemwa hakishiki kutu, nayo huliwa. Mnamo Mei 1985, huko Uster nchini Uswisi, dari ya betoni ya pisini ya ndani ilianguka na kuua watu 12. Vyuma vya inoksi vilivyoishikilia vilikuwa vimepasuka kimya kimya kwa hewa ya klorini, na hakuna aliyeviona kwa kuwa vilikuwa juu ya dari. Benchi lako liko wazi, upepo unapita, mvua inaliosha, na mtu anaweza kuinama akalikagua. Kama wana fedha za inoksi, sawa, lakini wasiache kuiosha kwa maji safi.

Mashindano ya watoto yanaanza saa tisa mchana na mimi sioni kitu, maji yanawaka tu. Tukae upande gani? (Mama, Ruashi)

Upande wa magharibi, Mama, jua likiwa mgongoni. Aliyeketi mashariki, akitazama magharibi, saa hizo anaona mng'ao tu. Na si wazazi peke yao: mwokoaji akiketi upande huo mbaya haoni sakafu ya pisini, na mtoto anaweza kuzama mbele ya macho yake. Mwambieni ahamishe kiti chake leo, msingoje tribini. Wanaojenga upya walaze pisini kaskazini kwa kusini, wajenge tribini magharibi, na paa lishuke kwa nyuma, kwa sababu jua la saa kumi linapita chini ya paa la juu.

Tumeona kwenye video viti vinavyojikunja vyenyewe ukutani. Vinatufaa?

Hapana. Vinataka ukumbi wa ndani, sakafu iliyonyooka, injini na umeme usiokatika. Siku ya mashindano makubwa kodini viti kama mnavyokodi kwa harusi.

Chini ya tribini pana nafasi kubwa. Tuweke stoo ya klorini? (Msimamizi, komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Papa, hapo hapana kabisa. Klorini ya unga inayouzwa kwenye ndoo inalisha moto. Ikigusana na mafuta au petroli inaweza kuwaka yenyewe. Ikikutana na asidi, hata ile mnayotumia kusawazisha maji, inatoa gesi ya klorini, nzito kuliko hewa, inayochoma mapafu. Na juu ya stoo hiyo mmeketisha watu 200. Weka kamba, mafagio na mabango. Klorini ipate chumba chake mbali na watu, kikavu, chenye hewa, na asidi isilale humo.

Natumia baiskeli ya mikono ya miguu mitatu. Kila tribini wananiacha chini karibu na choo. (Msomaji, Kamalondo)

Sakafu ya safu ya kwanza ikiinuliwa mita moja, mteremko wa kukufikisha hapo unataka mita 12 za urefu, sentimita moja ya kupanda kwa kila 12. Kamati zinaona mita hizo ni nyingi, zinakata. Nafasi ya kiti cha magurudumu ni sentimita 90 kwa 140. Baiskeli yako ni ndefu zaidi, kwa hiyo waambie waipime kabla ya kumwaga betoni. Na kando yake pawe na kiti cha uliyekuja naye.